Kigoda cha Siku ya Daraja

Kaeni vizuri. Mwenye muwa amalize kutafuna, na mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe sasa hivi, maana nikifika mwisho nitanyamaza na kazi itakuwa yenu.

Palikuwa na nchi mbili, Usonda na Uhimbe, mto Lugoma ukipita katikati, na watu watatu waliojaliwa kila mmoja cha kwake. Nyamizi wa Usonda alijaliwa sauti. Akianza kuimba msibani, hata waliokuwa wakigombania minofu jikoni waliweka chini miiko. Luhende, naye wa Usonda, alijaliwa mgongo. Aliwahi kumvusha ndama mtoni, na ndama akasinzia njiani. Kasuka wa Uhimbe alijaliwa ulimi. Angeweza kumchekesha mtu aliyeng'olewa jino, mganga akiwa bado amelishika jino lenyewe.

Wasonda na Wahimbe walikuwa watani. Mnaujua utani: mtani haji msibani kulia, anakuja kuwasumbua wafiwa. Anajilaza kaburini na kudai hatoki mpaka apewe kuku, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Basi kila kiangazi watani hawa walisuka upya daraja la kamba, kila upande ukianzia kwenye ukingo wake, na katikati wakakutana kufunga fundo kwa pamoja.

Mwaka mmoja walipofika katikati, utani ukakolea.

"Fungeni nyinyi kwanza," Wasonda wakasema, "mikono yenu imezoea kufunga vifurushi vya chumvi ya kuomba."

"Thubutu!" wakajibu Wahimbe. "Fungeni nyinyi, walau leo mfanye kazi moja."

Wakabishana, wakacheka mpaka wakashika mbavu, jua likazama, na kila upande ukaenda nyumbani ukijua mwenzake atamalizia. Fundo likabaki nusu. Kesho yake ilikuwa harusi. Binti wa Kasuka alikuwa anaolewa Usonda, na msafara wote ulikuwa juu ya daraja kamba zilipoachia. Alikufa bibi harusi. Alikufa mume wa Nyamizi, aliyekwenda kumpokea. Walikufa wadogo wawili wa Luhende. Alikufa hata Mzee Igulu, baba yake mtemi wa Usonda. Wiki ile ya kwanza ya msiba Nyamizi aliimba jinsi fundo lilivyobaki, na watu wakalia naye.

Mtemi Lugendo, mtoto wa Igulu, akaanzisha Siku ya Daraja. Mwanzoni nia yake ilikuwa njema, tumpe haki yake. Aliweka uwanjani kigoda cha mninga. Anayekikalia ndiye msimulizi, na atakachosimulia ndicho watoto watakachofundishwa mwaka mzima. Akakikalia mwenyewe. Mwaka wa kwanza alisema kamba ilikatika. Mwaka wa pili, kamba ilikatwa. Baadaye ilikatwa na Wahimbe, tena kwa visu, tena wakichekelea. Mwishowe akapiga marufuku: Mhimbe asikanyage Usonda, na Msonda atakayemleta atafukuzwa nchini na nyumba yake kubomolewa.

Kumbe Mtemi alikuwa amegundua dawa ya kila ugonjwa! Ghala likikutwa tupu na watu wakauliza mtama umekwenda wapi, anatoa kitambaa na kujifuta macho: "Mnaulizia mtama, na machozi ya Daraja hayajakauka?" Ng'ombe wake wakila shamba la mjane, Daraja! Njia ikiota majani, Daraja! Na watu walinyamaza, si kwa ujinga. Walikuwa wamefiwa kweli, na mtu akishakutajia maiti wako huna tena mdomo wa kuuliza habari za mtama. Mimi jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Sasa Mtemi akalitamani bonde la malisho la Uhimbe. Akatangaza kwamba Siku ya Daraja itakapofika, simulizi ikiisha tu, vijana watavuka na mikuki kulipiza kisasi. Mihambo, mwana pekee wa Nyamizi, akakabidhiwa mkuki. Kisha Mtemi akamwita Nyamizi mwenyewe.

"Mama Mihambo, utaimba wimbo mpya, unaitwa 'Walitukata'. Kwa sauti yako, hatutahitaji hata ngoma."

Nyamizi akatoka. Mume alishamzika, na sasa alikuwa anatakiwa kumwimbia mwanawe aende akafe. Akampitia Luhende.

"Luhende, mimi nitaimba, lakini si wimbo wake. Ila wimbo peke yake hautatosha. Vijana wamelishwa habari za visu tangu wakiwa wadogo."

"Matanga haya yamekosa mtani," Luhende akasema.

"Mtani yuko ng'ambo, na daraja hakuna."

"Mgongo upo."

Siku yenyewe, asubuhi na mapema, Luhende akavuka. Alimkuta Kasuka ameketi mlangoni, hana hata salamu ya kejeli.

"Ulimi wangu ulikufa, Luhende. Kwenye fundo lile mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na aliyekufa ni mwanangu."

"Basi njoo ulie. Lakini njoo, mtani."

Akamweka mgongoni, akaingia mtoni. Walipofika pale daraja lilipokuwa likining'inia, Kasuka akamkumbatia Luhende shingoni. Maji yalimfika Luhende kidevuni. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya sikio lake: "Hivi, Msonda, huu mgongo umewahi kuoga, au bado una harufu ya yule ndama?" Luhende alicheka, akanywa maji, nusura wazame wote wawili.

Huku uwanjani Mtemi alikuwa amefika mwisho wa simulizi yake, "…wakichekelea!", na vijana wakigonga mikuki chini. Nyamizi akaitwa. Akasimama, akaimba wimbo wa zamani, ule wa wiki ya kwanza ya msiba:

*Tulicheka, fundo likabaki,*
*walicheka wao, tulicheka sisi,*
*mume wangu alicheka, nami ukingoni nikamshangilia.*

Wazee wakainamisha vichwa, maana walikuwepo. "Mnyamazisheni!" Mtemi akafoka, lakini nani wa kuigusa sauti ile? Ila vijana hawakulegea. Mihambo alikuwa bado amekamata mkuki: "Mama, wao ndio waliokata!"

Ndipo akaingia Luhende, amelowa chapachapa, Kasuka yuko mgongoni. Mikuki ikainuliwa. Luhende hakusimama wala hakujibu mtu. Aliendelea kutembea, na hakuna aliyeweza kumchoma Mhimbe bila kumchoma Luhende.

Kasuka akashuka, akajilaza chali mbele ya kigoda. "Siondoki hapa mpaka nipewe kuku! Matanga ya miaka yote hii bila mtani, ndiyo maana yamechacha!"

Bibi kizee mmoja akaguna, guno la kuzuia kicheko. Kasuka akainuka. Akamwigiza mume wa Nyamizi, aliyekohoa kwa heshima kabla ya kusema, akakohoa tena, halafu asiseme kitu. Akawaigiza wadogo zake Luhende, waliomiliki jozi moja ya viatu, kila mmoja na mguu wake. Akamwigiza binti yake, alivyonyanyua vidole akiogopa kuchafua hina, na hapo sauti ikamkatika, lakini alimaliza. Kisha akakunja mgongo, akawa Mzee Igulu na kopo la ugoro mkononi: "Lugendo! Wewe Lugendo! Nani kachukua ugoro wangu?"

Mtemi akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka chenyewe. Halafu akafunika uso akalia, na safari hii kitambaa hakukikumbuka. "Baba," alisema. Kwa miaka yote alikuwa anasimulia kifo cha baba yake, na ule ugoro alikuwa ameshausahau.

Mihambo akaweka mkuki chini ili afute machozi, na wenzake vivyo hivyo. Vita vikaishia pale pale uwanjani.

Mtemi akainuka. "Kigoda nakitoa. Lakini kina nafasi ya makalio ya mtu mmoja tu. Nani akikalie?"

"Mimi," akasema Nyamizi. "Nisingeimba, wazee wasingeona aibu, na vijana wangekwisha ondoka kabla hamjafika. Nikikikalia nitasema ukweli kila mwaka, pamoja na kucheka kwetu."

"Ukweli uliusema, na mkuki wa mwanao ukabaki juu," akasema Luhende. "Nisingemleta mtani, mngekuwa mnazika sasa hivi. Mimi nikikikalia nitasema mara moja tu: chukueni kamba tukasuke daraja, tufunge fundo. Halafu kigoda nakipasua kuni."

"Ndiyo, watoto wasahau kabisa, waje waliache fundo tena!" akajibu Nyamizi.

"Mliimba, mlinibeba," akasema Kasuka, "lakini mikuki iliwekwa chini kwa kicheko cha nani? Nipeni mimi. Kila mwaka nitawaleteeni maiti wenu wakiwa wazima."

"Mhimbe asimulie msiba wa Usonda?" mtu akanong'ona nyuma. "Na mama asiyetaka marehemu mwanawe achekwe kila mwaka, aende wapi?"

"Na mimi niliyecheka je?" akauliza Mtemi. Wakamzomea kwa pamoja.

Wamebishana hivyo mwaka mzima. Siku ya Daraja imekaribia tena, kigoda kiko pale uwanjani, kitupu. Na jana asubuhi Mtemi Lugendo ameonekana akikizunguka, kitambaa mkononi, akikipangusa vumbi taratibu. Amesema anasafisha tu.

Mimi nimemaliza. Nyamizi, Luhende, au Kasuka: wewe ungemkalisha nani? Amua upesi, kabla yule hajamaliza kupangusa.