Gwaride la Mvua na Makosa ya Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafunga milango kwa komeo na kuchungulia majirani kupitia tundu la ufunguo, kulikuwa na piano moja tu katika kijiji kizima. Sogeeni karibu, lakini msinikalie miguu.

Piano hiyo aliiacha Korongo. Korongo huyo, kwa vidole vyake virefu, alikuwa fundi wa mafundi. Alisikiliza bendi nzima ya harusi, matarumbeta, ngoma na matoazi, kisha akaenda nyumbani akauandika upya muziki wote kwa nota, ili upigwe na mtu mmoja kwenye piano moja. Kazi yake kubwa kuliko zote aliiita Gwaride la Mvua. Akiipiga, wasikilizaji walikuwa wanatazama juu, wakidhani wanalowa.

Alikuwa na wanafunzi watatu, wote wapigaji wa kujifurahisha tu, kila mmoja na kazi yake: Kiboko mfinyanzi, Fisi fundi cherehani na Nyati muuza maziwa. Alipokaribia kufa aliwagawia Gwaride lake. Kiboko akapewa karatasi za mwanzo, Fisi za katikati, Nyati za mwisho.

"Mnakiliane, mfundishane," akasema. "Atakayelipiga Gwaride lote, mwanzo hadi mwisho, piano ni yake. Mpaka siku hiyo ikae kwa Kiboko."

Mnadhani walinakiliana? Thubutu. Kiboko aliwaza, nikimpa Fisi karatasi zangu, atanipa zake zenye nota za uongo, nikaaibike mbele za watu. Fisi aliwaza hivyo hivyo juu ya Nyati. Nyati hakuwaza sana, alizishonea karatasi zake ndani ya godoro akalala juu yake. Kila Jumamosi walikutana kwa Kiboko, wakanywa chai, wakaulizana habari za watoto. Kisha kila mmoja akapiga sehemu yake huku wenzake wametolewa nje mpaka kisimani, wasisikie.

Sasa palikuwa na Kindi, msichana mdogo kiumbo, mwepesi kama nini. Alipokuwa mtoto alikaa dirishani kwa Korongo akisikiliza, ila kichwani kilibaki kipande hapa, kipande pale. Nyumbani alijichorea vitufe vya piano kwa mkaa juu ya ubao, akawa anajizoeza humo. Tup, tup, tup. Hakuna sauti, ila vidole vilikimbia. Kwa Kiboko alikwenda kufuta vumbi la piano, na akimaliza aliruhusiwa kuigusa kidogo.

Siku moja Kiboko akamwambia, "Binti, baada ya sikukuu ya mavuno utatafuta kazi nyingine. Nahamia ng'ambo ya mto, na piano naenda nayo."

 Mto ule umejaa mamba, na kindi haogelei. Piano ikivuka, hataisikia tena maisha yake yote. Hapo hapo akaanza kufikiri, na Kindi akifikiri, mimi nawaambia, chungeni karanga zenu.

Kesho yake Kiboko alikuwa uani anakanda udongo. Ndani akasikia: ting, ting, tong.

"Nani kakutuma?" akauliza kupitia dirisha. "Fisi?"

"Hakuna aliyenituma, mzee. Najipigia tu Gwaride ninavyolikumbuka," akajibu Kindi.

Ting, ting, tong. Kiboko akasaga meno.

"Hapo si hapo."

"Ni hapo hapo, mzee. Marehemu alipiga hivi."

"Marehemu? Marehemu angesikia hayo angekufa tena."

"Labda masikio ya mzee yamechoka," akasema Kindi kwa adabu, na akarudia, sasa vibaya zaidi.

Kiboko akavumilia kidogo. Akavumilia tena. Kisha akanawa mikono, akaingia, akafunga dirisha na kutia komeo mlangoni. "Sikufundishi," akasema. "Nakuonyesha tu ulivyokosea." PAM! Pa-ra-ra PAM!

"Kumbe. Mkono wa kushoto sikuuona vizuri, mzee."

"Nimesema sikufundishi," akasema Kiboko, akaupiga mkono wa kushoto peke yake, polepole.

Kindi akashukuru, akaenda moja kwa moja kibandani kwa Fisi. Cherehani ilikuwa inalia ta-ta-ta-ta. Akaketi kusubiri sketi yake huku akiimba kwa pua sehemu ya katikati: mi, mi, fa, la.

Cherehani ikanyamaza.

"Umesema fa?"

"Nimesema fa, kaka."

"Nani kakwambia ni fa?"

"Sikwambii. Nimekatazwa."

Fisi akatazama kushoto na kulia. "Ni Nyati. Najua ni Nyati. Anatangaza kijijini kwamba sehemu yangu ina makosa, ili siku nikiipiga watu wacheke. Sikiliza wewe, hapo ni sol. Na baada yake mambo yako hivi." Akaimba nota zote za mkono wa kulia bila kupumzika. Za mkono wa kushoto akaziimba kwa sauti nzito, mguu ukipiga mwendo kwenye kikanyagio, du-du, du-du. Alipomaliza akasema, "Mwambie huyo aliyekutuma."

"Nitamwambia," akasema Kindi, akaondoka bila kuichukua sketi.

Akabaki Nyati. Huyu alikuwa mgumu. Isipokuwa saa ya chai ya Jumamosi, alikuwa na pamba masikioni tangu Korongo afe, asije akarubuniwa na maneno ya mtu. Kindi alimsalimia, "Shikamoo," hakuitikiwa. Akaimba, Nyati anakamua ng'ombe tu, hata hakugeuka.

Basi Kindi akaleta ule ubao wake, akauweka chini mbele ya ndoo ya maziwa, akaanza kupiga sehemu ya mwisho juu ya vitufe vya mkaa. Tup, tup. Mkono wa kushoto akautanguliza, kumbe unatakiwa kufuata. Dole gumba akalipitisha pasipo pake.

Nyati akatazama kando. Akatazama tena. Jasho likamtoka puani. Mwanamuziki anaweza kuziba masikio, lakini mikono inayokosea mbele ya macho yake ni mateso. Mwishowe akasukuma ndoo, akapiga magoti, akaweka kwato zake juu ya mkaa, moja hapa, moja pale, akaenda mpaka mwisho wa Gwaride bila kutamka neno. Mdomo wake haukutoa siri hata kidogo, na alijivunia sana jambo hilo.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Piano ilikuwa imetolewa uwanjani, imefungwa kamba tayari kwa safari. Kindi akazifungua kamba, akaruka juu ya kiti.

PAM! Pa-ra-ra PAM! Mwanzo ukapita. Katikati ikapita, sol ikiwa mahali pake. Mkono usipofika, mkia ulifika. Mwisho ukamiminika mpaka nota ya mwisho, na watu wote wakawa wanatazama juu.

Makofi hayajaisha, Kiboko akamgeukia Fisi. "Umempa karatasi."

"Mimi? Muulize Nyati."

Nyati alikuwa ameshatoa pamba masikioni na kukimbia nyumbani. Akararua godoro, akarudi na sufi imemjaa kwenye pembe, karatasi zote mkononi. "Zangu hizi. Semeni nyie."

"Zangu ziko ndani ya chungu," akasema Kiboko.

"Na zangu nimezishonea kotini," akasema Fisi.

"Hakuna aliyenipa karatasi," akasema Kindi. "Mlinisahihisha tu."

 Kila mmoja wa wale watatu alimtazama mwenzake kwa ukali, na kila mmoja alijijua. Piano ilikuwa imempata mwenyewe, na haikuvuka mto.

Baadaye, watu walipokuwa wanakula, Kiboko akasogea karibu na kiti cha Kindi, akakohoa. "Binti, hebu niambie. Ile sehemu ya Nyati inaanza na mkono gani?"

"Wa kushoto, mzee," akasema Kindi.

"Wa kulia," akasema Nyati kwa nyuma, mdomo umejaa ubwabwa. "Sogea nikuonyeshe."

Basi wanangu, anayewashuku wenzake anaweza kufunga kila mlango wa nyumba yake, lakini akisikia mtu anakosea ataufungua mwenyewe.