Dirisha la Ndeonasia

Sogeeni karibu, na masikio yawe wazi, maana mwisho wa hadithi hii kazi itakuwa yenu.

Huko Marangu, kwenye mteremko ambako asubuhi mtu akiongea mvuke humtoka kinywani, aliishi mjane aitwaye Ndeonasia na wanawe watatu, wote watu wazima. Eliapenda, wa kwanza, alijaliwa macho: ukimletea debe la maharage, jiwe ataliona kabla hujalitua. Obadia alijaliwa mkono usiotetemeka. Mwiba ukizama mguuni, majirani walimwita yeye. Aikande, kitinda mimba, alijaliwa subira. Uzi uliofungamana, ambao wengine wangeukata, yeye aliufumua mpaka mwisho. Mama yao alijivunia wote watatu, wala hakuficha.

Marehemu mumewe, fundi seremala, alimwekea chumbani dirisha la vioo viwili, katikati yake nafasi nyembamba ya hewa, ili baridi isipite. Miguu ilipomwisha nguvu, dirisha hilo likawa baraza lake. Kila aliyepita njiani kwenda sokoni alimpungia mkono, naye akapunga.

Kisha vioo vikaingia ukungu. Ndeonasia akafuta kwa kanga, akafuta kwa gazeti na siki, wapi! Watu wakapunga, wasijibiwe. Siku moja akasikia sauti njiani:

"Mama Eliapenda siku hizi anaringa! Unampungia, anakutazama tu."

Neno hilo lilimchoma kuliko baridi.

Akaitwa fundi kutoka mjini. Akatupa jicho mara moja. "Hili ni la kutupa, mama. Tuling'oe, tuzibe kwa matofali."

"Dirisha la mume wangu halizibwi," akasema Ndeonasia, akamwonyesha mlango.

Ndipo Eliapenda akavuta kigoda, akakaa mbele ya dirisha asubuhi nzima. Akaona kwamba ukungu hauko nje wala chumbani. Uko katikati ya vioo. Akaona na zaidi: kwenye kona ya chini gundi imeachia, ufa mwembamba kama unywele. "Unyevu unaingilia hapa," akasema. "Mama, tumekuwa tukifuta mahali pasipo na uchafu."

Obadia akalitoa dirisha, akalilaza juu ya blanketi. Vioo vya namna ile havikupatikana tena. Kimoja kikipasuka, basi. Akapitisha kisu chembamba kwenye gundi. Mara kioo kikalia kwi! Mama akafumba macho. Obadia akatulia, akavuta pumzi, akaanza tena kutoka upande wa pili. Vioo vikaachana, vizima vyote viwili.

Aikande akaviosha, akavianika. Obadia akataka kuvirudisha jioni ileile.

"Bado," akasema Aikande.

Kesho yake akaulizwa tena. "Bado, kaka."

Mawingu yalipofunika jua, akavihamishia jikoni, karibu na joto, mbali na moshi. Zile chembechembe za kufyonza unyevu, zinazokuja kwenye vifuko ndani ya maboksi ya viatu, akazikausha juu ya moto mdogo, akazijaza kwenye pengo la ukingoni, kati ya vioo. Hapo tu ndipo akakubali gundi mpya ipakwe na dirisha lirudishwe mahali pake. Masika yakaja, yakaisha; kioo hakikuonyesha hata tone.

"Mama Ngowi!" Ndeonasia akamwita jirani aliyekuwa akipita njiani. "Kitenge hicho umekitoa wapi?"

"Kumbe unatuona!" Njia nzima ikacheka.

Sasa, katika nyumba ile marehemu aliacha desturi: kila kitu kilichokarabatiwa kilichongwa jina la aliyekikarabati, jina moja tu, ili kiwe na mwenyewe wa kukijibia. Ndeonasia akaomba patasi.

"Bila macho yangu mngekuwa mnafuta mpaka leo," akasema Eliapenda.

"Bila mkono wangu," akasema Obadia, "mngekuwa mnaokota vipande."

"Na bila subira yangu ukungu ungerudi na mvua ya kwanza," akasema Aikande.

Mama akawatazama mmoja mmoja, kifua kimemjaa fahari. Hakuna aliyesema uongo. Akaweka ncha ya patasi kwenye mbao ya dirisha, akaiondoa. Akaiweka tena. Mkono haukwenda.

Nanyi mliokaa kunisikiliza, pokeeni patasi. Mbao ina nafasi ya jina moja. Je, mngechonga la nani?