Nafasi Moja Katika Kiwanda cha Suruali

Nina kesi hapa, na peke yangu imenishinda. Keti, mkubwa kwa mdogo, unisaidie.

Katika kiwanda kimoja cha suruali huko Athi River walifanya kazi wanawake watatu. Syombua alikuwa mkata vitambaa, na vidole vyake viliijua pamba kama ulimi unavyoijua chumvi. Khasandi alikuwa mshonaji. Cherehani iliyowagomea wengine ilimtii yeye. Mbeyu alikagua nguo zilizokwisha kushonwa, na hakuweza kusema uongo hata pale ambapo ungemfaa. Hicho watu hawakukiita kipawa. Walikiita mdomo.

Kitambaa chao kilitoka katika taifa kubwa la mashariki, na suruali ziliuzwa katika taifa kubwa la magharibi. Siku moja mataifa hayo yakagombana. La magharibi likatoza ushuru mzito kila kitu chenye mkono wa taifa la mashariki ndani yake. La mashariki nalo likalipiza. Kila moja lilisema linawalinda wafanyakazi wake. Wa Athi River hawakutajwa popote.

Meneja, Bwana Gichuhi, akawakusanya wafanyakazi uwanjani. Aliwaeleza kwamba mnunuzi hataki tena kitambaa cha mashariki, na kwamba oda iliyopo ikianguka, kiwanda kitafungwa.

"Atakayeiokoa," akasema, "kazi yake haitaguswa."

Syombua akaingia stoo. Nyuma kabisa yalirundikwa majora ya pamba ya Uganda, yaliyokataliwa zamani kwa ugumu, yakachanganyika na ya mashariki, na lebo zilishaliwa na panya. Akayapapasa moja moja na kuyatenga.

"Unapapasa kama anayechagua mume," mlinzi wa stoo akamtania.

"Mume nilimchagua kwa macho. Ndiyo maana sasa natumia vidole."

Wapimaji wa maabara waliotumwa na mnunuzi kuhakiki pamba ilikotoka walipokuja, hawakupata jora hata moja la kuondoa.

Lakini kitambaa kile kilivunja sindano, na kiwandani mshonaji mmoja akisimama, laini nzima ya cherehani inasimama. Khasandi akaomba sindano nene za kushonea turubai, akalegeza uzi, akapunguza mwendo, kisha akapita kwa kila cherehani kuwaonyesha wenzake. Wakamnung'unikia kwamba anawapotezea bonasi. Aliwajibu kwamba kiwanda kikifungwa hakuna bonasi, akainama kwenye cherehani iliyofuata. Suruali zikaisha.

Akaja wakala wa mnunuzi. Gichuhi alikuwa amewaonya wote waseme kitambaa kipya ni laini kama cha zamani, ila kimekazwa na pasi. Wakala akaifinya suruali moja, akakunja uso, akamgeukia Mbeyu.

"Hiki ni laini kama kile cha siku zote?"

"Si kama kile," Mbeyu akasema. "Hiki ni kigumu. Kifue mara mbili ndipo uamue."

Gichuhi alifumba macho. Kikafuliwa, kikalainika. Wakala akasema kwamba mtu anayetaja kasoro mwenyewe hahitaji kuchunguzwa zaidi, akaipokea oda yote.

Hapo hadithi nyingine zingeanza kupiga ngoma. Hii haipigi. Kule magharibi ushuru ulikuwa umepandisha bei za kila kitu, na watu wakaanza kutia viraka suruali zao kuukuu. Oda iliyofuata ikawa ndogo. Gichuhi akapunguza watu laini baada ya laini, kisha akawaita wale watatu ofisini. Imebaki nafasi moja, akawaambia, na atakayeipata atakata, atashona na kukagua.

"Uliahidi, bosi," Syombua akasema.

"Niliahidi nikidhani atakuwa mtu mmoja."

Khasandi akapendekeza wapokezane, kila mmoja mwezi wake. Gichuhi akajibu kwamba wenye kiwanda wanataka jina moja. Mbeyu akamwambia usoni kwamba anatafuta wa kumbebea lawama. Gichuhi akawaomba watoke, wakubaliane wenyewe.

Wakasimama nje ya mlango. Syombua ana mama mgonjwa anayemtegemea. Khasandi analea watoto wa marehemu dada yake. Mbeyu, kwa mdomo ule, hakuna kiwanda kingine kitakachomchukua. Kila mmoja aliogopa kwamba akifungua kinywa atajiombea mwenyewe.

Zawadi yenyewe, tusidanganyane, ni kazi ile ile waliyokuwa nayo kabla wakubwa hawajagombana.

Sasa ni zamu yako. Usiniambie watatu wote wabaki. Gichuhi hana uwezo huo. Usiniambie mataifa yapatane, hayajakuuliza. Bila Syombua hakukuwa na kitambaa, bila Khasandi hakukuwa na suruali, bila Mbeyu hakukuwa na mnunuzi. Mlango umefunguliwa na Gichuhi anasubiri.

Ungempa jina la nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni na kuwaambia nini?