Kwa Nini Anayeshuka Mlima Hasalimii Kwanza

Zamani, watu wa mlima wetu walipokuwa wakisalimiana mpaka kivuli kinahama, habari ya njia ndiyo iliyosemwa mwisho. Kwanza uzima, kisha wazee, watoto, ng'ombe, mpaka kuku. Aliyekatiza alionekana hakulelewa.

Basi kiangazi kimoja Nakijwa, mkunga aliyesifika, aliletewa habari kwamba bintiye Namkunda, aliyeolewa ng'ambo ya kilele, ameshikwa na uchungu. Akabeba dawa zake, akatwaa muwa mrefu uwe fimbo na kinywaji, akaupanda mlima mbio mbio. Njiani akakutana na mkwewe, mzee Senkoro, baba wa mume wa Namkunda, anashuka kwenda sokoni kutoka malishoni alikokuwa siku nyingi. Mkwe hapitwi kama kisiki. Wakasalimiana. Mzee akamwuliza kama Namkunda hajambo, naye Nakijwa akajibu hajambo, maana ndivyo ijibiwavyo. Walipofika kwenye kuku, ukungu wa mchana ulikuwa umeshateremka. Mzee akaona amemchelewesha mno, akamtakia njia njema, akaenda zake.

Siku zote Nakijwa aliuvuka ukungu kwa masikio: ukiusikia mto kushoto, hujapotea. Siku hiyo hakusikia kitu. Akageuka huku, kimya. Akageuka kule, kimya. Je, mto umehama, au masikio yake yamezeeka? Alichanganyikiwa hata asijue kama anapanda au anashuka. Mara akaona maganda ya muwa, bado mabichi. Moyo ukamrudi: kumbe kuna mtu mbele! Akayafuata huku akiita na kutafuna muwa wake. Kadiri alivyofuata ndivyo maganda yalivyozidi, na mwenyewe haitiki.

"Mlafi gani huyu?" akanung'unika.

Msicheke. Ukungu ule haujui mwerevu. Alipoitazama fimbo yake, kilikuwa kimebaki kipande cha kujaa kiganjani. Akakaa chini katikati ya maganda yake mwenyewe, akalia.

Alifika kesho yake, jua limepanda. Mtoto alikuwa akilia. Mama yake alikuwa ameshafunikwa uso.

Mzee Senkoro alipokuja msibani, akaanza salamu tangu mwanzo. Nakijwa akamkatiza mbele za watu.

"Mkwe, mto ulikauka lini?"

"Mwezi uliopita, mkwe wangu."

"Ulijua. Ukaniuliza kuku."

Waliokuwapo waliinamisha vichwa kwa aibu, kwa kuwa hata mmoja wao asingefanya vingine.

Na tangu siku hiyo, anayeshuka mlima wetu wakati wa kiangazi humpigia kelele anayepanda, angali mbali: mto umekauka, ukungu umeanza, shika kulia penye mwamba. Hata awe mkwe. Kwa hiyo ukija kwetu, ukapokewa hivyo kabla ya shikamoo, usinune. Jibu, "Nimesikia." Kisha salimianeni mpendavyo, hata kuku waulizeni.