Chemchemi Chini ya Ngome

“Kiu haina bendera.” Vijana waliisikia bombani, siku wafuasi wa vyama viwili walipogombania zamu ya kuchota, wakaenda kumwuliza Bibi Nantumbo ilikotoka. Bibi akauweka chini ungo wake, akasema methali hiyo ilizaliwa vitani, ng’ambo ya Ruvuma, na mwanzo wake ni huu.

Wapigania uhuru walikuwa wameizingira ngome ya wakoloni mlimani, mpakani. Mizinga hawakuwa nayo. Tegemeo lao lilikuwa chemchemi iliyo chini ya mlima, kwani ngome haikuwa na maji mengine. Kamanda Nandonde alimweka Alusa kuilinda, akamwamuru ampige risasi yeyote atakayeteremka kuchota. Alusa hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Askari wa ngome ile, weusi kama yeye, walikuwa wamekichoma kijiji chake, na mumewe hakutoka ndani ya nyumba.

Alfajiri moja ukungu ulishuka mzito, mlima ukatoweka, ngome ikabaki ikielea juu kama kitu cha ndotoni. Ndani ya weupe ule Alusa akamwona mtu anakuja polepole, kama atembeaye usingizini. Alikuwa askari, hana bunduki, amekumbatia sufuria. Alusa akamlenga kifuani.

“Dada, nimekuja kuchota,” alisema yule mtu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. “Wake zetu na watoto wamo mle ndani. Kama ni kunipiga, nipige nikishawapelekea.”

“Uliwahi kufika Namatili?” Alusa akamwuliza. Ndicho kilichokuwa kijiji chake.

Askari aliinamia sufuria yake. “Nilifika.”

Alusa akausikia tena moshi puani, na ndani ya moshi sauti ya mumewe ikiita maji. Kidole chake kililegea.

“Chota,” akasema.

Nandonde alipopata habari alimnyang’anya bunduki, akamwita msaliti mbele ya wenzake. Alusa akamjibu bila kupaza sauti: “Kamanda, kiu haina bendera. Mume wangu alikufa akiita maji. Siwezi kumnyima mtu maji kwa ajili yake.”

Kesho yake ukungu ulirudi. Wakateremka wanawake na watoto, kimya, na nyuma yao askari mikono mitupu. Mle ndani walikuwa wameambiwa kwamba wapiganaji huchinja kila wamkamataye. Sufuria ile iliwapelekea habari nyingine. Nandonde aliwaashiria watu wake wasifyatue. Wale wageni wakanywa, wakaketi majanini, na hakuna aliyepanda tena.

Jua lilipoufukuza ukungu, lango la ngome lilionekana limeachwa wazi. Maofisa walikuwa wametoroka kwa upande wa pili wa mlima. Nandonde akamrudishia Alusa bunduki yake. Yule askari wa sufuria Alusa hakumsamehe, wala hakumtafuta. Aliinua tu macho akaitazama ngome: bendera ya wakoloni ilikuwa bado inapepea ukutani, na chini yake hapakuwa na mtu.

Kiu, wajukuu zangu, haina bendera.