Jembe la Rangi la Charlotte

Wazee waliotutangulia walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Hawakuwa na maana kwamba jembe baya linashinda jembe zuri, la hasha. Walimsema mtu yule anayefika sokoni alfajiri, akaligonga kila jembe kwa ukucha alisikie linavyolia, akaujaribu mpini begani, akaomba aonyeshwe lile la nyuma, akarudi kwenye lile la kwanza. Na muda huo wote mvua inanyesha juu ya shamba lake na kupita. Siku hizi majembe yamekuwa ya namna nyingi. Mengine hayana mpini wala chuma, lakini kulima ni kule kule.

Huko Muganza, katika wilaya ya Rusizi, upande wa chini ambako malori ya saruji hupita mchana kutwa, aliishi mwanamke mmoja aitwaye Charlotte, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Vumbi jeupe liliingia chumbani mwake kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Kila asubuhi alifuta meza, akafuta redio, kisha akaifuta kompyuta yake kitufe kwa kitufe, kwa kipande cha kitenge cha marehemu mama yake. Kompyuta hiyo aliinunua Bukavu, mji aliokulia na kusomea kazi ya kuandika programu, kabla yeye na mama yake, Speciose, hawajarudi Rwanda. Mama alifariki mwaka wa pili baada ya kurudi. Mezani vikabaki vikombe viwili vya bati, vya buluu, vyenye ukingo mweusi. Kimoja Charlotte alikinywea chai. Kingine alikipindua mdomo chini, na kila Jumamosi alikiosha ingawa hakuna aliyekitumia. Ndugu hakuwa nao, na marafiki walibaki Bukavu, ng'ambo ya mto. Upweke ulimganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Siku moja ushirika wa wakulima wa mpunga ulimpa kazi. Kwa miaka ishirini na sita, zamu za maji mashambani zilikuwa zikitangazwa na mzee Cassien, mlinzi wa mfereji. Alipita nyumba sitini na nne akipuliza filimbi na kumwambia kila mkulima siku yake na saa yake. Sasa goti lake lilikuwa limevimba kama boga, na daktari alikuwa amemkataza kutembea mbali. Mwenyekiti wa ushirika, Maman Patricie, alimwomba Charlotte atengeneze programu ya kutuma ujumbe kwenye simu ya kila mkulima zamu yake inapofika. Alimpa majuma manne. Jumatatu ya juma la tano maji yangefunguliwa, na miche ilikuwa tayari kitaluni. Mche wa mpunga haujui kusubiri. Ukikosa maji siku zake za kwanza, unageuka nyasi kavu.

Charlotte alikubali kwa furaha. Sasa, watu wanaoandika programu huziandikia ndani ya programu nyingine, iitwayo kihariri. Kwao ndilo jembe, na kila mmoja anaweza kulichonga apendavyo. Charlotte akasema moyoni: kwanza ninoe jembe, kisha nitalima.

Juma la kwanza alichagua rangi. Alitaka kila aina ya neno analoandika itokee kwa rangi yake. Majina ya watu akayapa kijani cha mpunga mchanga. Namba akazipa manjano ya mpunga ulioiva. Saa akazipa buluu ya ziwa, na makosa akayapa wekundu wa udongo wa kule Giheke, juu milimani. Kijani cha kwanza alikiona kikali mno. Cha pili kilipauka. Siku tatu zilikwisha katika kijani peke yake.

Juma la pili aligeukia vitufe. Kompyuta yake ilikuwa na mpangilio wa Kifaransa, na zile alama za mabano ambazo programu huzihitaji kila mstari zilikuwa mbali, vidole vikijikunja kama miguu ya buibui. Basi akajitungia njia za mkato: vitufe viwili kwa mpigo kufungua mabano, viwili kuruka mstari, vitatu kugeuza ukurasa. Akaviandika vyote kwenye karatasi, akaibandika ukutani.

Juma la tatu akaingia kwenye vifupisho. Kifupisho ni hivi: unaandika herufi mbili, unabonyeza kitufe, na mistari kumi inateremka yenyewe kama mahindi kutoka guniani. Alitunga vya kazi, kimoja, viwili, ishirini. Kisha asubuhi moja, chai ikipoa, alitunga kimoja kisichokuwa cha kazi. Aliandika herufi mbili, m na m, akabonyeza, na kwenye kioo yakatokea maneno haya:

"Charlotte yangu, uliamuka muzuri? Ulishakula?"

Ndivyo mama yake alivyokuwa akimwamkia kila siku, kwa Kiswahili cha Bukavu, ambacho hata Muganza, mpakani, watu walikizungumza. Charlotte aliyatazama. Akayafuta. Akaandika tena m na m. Tangu siku hiyo hakuanza kazi kabla ya kuamkiwa.

Mtu mmoja tu alibisha hodi mlangoni pake, naye ni Papa Cassien, yule mlinzi wa mfereji. Alikaa nyumba ya tano kutoka pale, akaja kila siku saa nne akichechemea, akaketi kwenye benchi na kunyoosha mguu.

"Charlotte, kazi ya maji iliisha?"

"Bado kidogo, Papa. Niko natengeneza."

"Jana ulikuwa unatengeneza. Juzi ulikuwa unatengeneza. Hata Mungu siku ya saba alipumuzika, lakini alikuwa ameshamaliza!"

Charlotte alicheka, na kicheko hicho kilimshtua mwenyewe, maana hakuwa amekisikia tangu jana yake saa nne. Akamgeuzia kioo amwonyeshe rangi.

"Eeh! Iko sawa na kitenge ya Noeli," mzee alisema, akisogeza uso. "Sasa maji itapita wapi hapa ndani?"

"Itapita, Papa. Nitaipitisha."

Mzee aliinuka, akaaga, akaenda. Charlotte alisikiliza hatua zake zikichechemea mpaka lori likazifunika. Ndipo lilipomjia wazo alilolijua vizuri, lile alilolisukuma pembeni kila siku: kazi ikiisha, Papa Cassien atakuja kufuata nini? Akarudi kwenye kijani chake.

Ijumaa ya juma la nne Maman Patricie alikuja mwenyewe, mikono ingali na matope ya kitaluni. Hakuketi.

"Dada, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tunafungua maji. Uko tayari?"

"Karibu, Maman."

"Onyesha."

Charlotte alionyesha. Patricie alihesabu kwa kidole, kwa kuwa kuhesabu hakuhitaji shule ya kompyuta. "Mistari kumi na moja. Majuma ine, mistari kumi na moja. Dada, jembe hii umeipaka rangi mpaka kwenye mupini, na udongo haijaionja hata siku moja." Akavuta pumzi. "Mudathiru shamba lake liko mwisho ya mufereji kabisa. Batu ya juu bakikosa kuambiwa zamu, kila mumoja atafungua kivyake, na maji haitafika kwake. Ana batoto sita. Kumbuka ile."

Aibu ilimwingia Charlotte kama baridi ya asubuhi. Jumamosi aliamka mapema, akaandika m na m, akangoja. Kioo kiliganda. Alikuwa amekibebesha kihariri mapambo mengi mno, moja juu ya jingine, na kompyuta ya zamani ikashindwa kama punda aliyepakiwa mizigo ya ngamia. Alizima, akawasha. Kihariri kilikataa kufunguka. Siku nzima alihangaika kukiokoa, na jioni bado alikuwa akitafuta kijani chake, mstari wa kumi na mbili haujaandikwa.

Jumapili, watu walipotoka misani, alimwendea Papa Cassien kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa amekaa peke yake mbele ya mlango, viatu vyake vya mpira vya mferejini vimesimama kando yake, vimeoshwa, vimekauka.

"Papa, jembe limevunjika," Charlotte alisema.

Mzee aliinuka. Kisha akachukua fimbo yake na ufunguo wa ofisi ya ushirika. "Kule kuko mashini moja ya zamani. Twende."

Ilikuwa kompyuta nzito ya mezani, yenye makapi ya mpunga katikati ya vitufe na herufi zilizofutika kwa kushikwashikwa. Haikuwa na kihariri, ila ukurasa mtupu wa kuandikia, maandishi meusi kwenye weupe. Haikuwa na rangi, wala vifupisho, wala mtu wa kumwamkia. Hata mpangilio wake ulikuwa mwingine: kila Charlotte alipotaka A, ilitoka Q. Alifuta, akaandika, akafuta. Baada ya saa moja vidole vilizoea. Baada ya saa mbili alikuwa na mistari arobaini, yote myeusi, yote inafanya kazi.

"Sasa zamu zenyewe," alisema. "Nimempa kila mtu saa moja."

Cassien aliruka kwenye benchi mpaka goti likamkumbusha. "Saa moja kila muntu? Hapana, hapana! Anastase hapa juu, shamba lake imebonyea kama sahani, nusu saa inamutosha. Halafu pale kwenye jiwe yenye ufa maji inatoroka. Mudathiru ukimupa saa moja, maji itafika kwake wakati wanafunga. Yeye ni saa mbili, na Ijumaa umupe mbele ya sala."

"Hayo yameandikwa wapi, Papa?"

Mzee aligusa paji la uso wake.

Charlotte aliacha kuandika. "Majuma manne umekuwa ukiketi kwenye benchi langu. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza," mzee alijibu, bila hasira. "Ulinionyesha rangi."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya Patricie. Alitazama mikono yake. "Papa, nilijua kazi ni ndogo. Ningeimaliza juma la pili. Lakini ningemaliza, ungekuja tena kufuata nini?"

Nje lori lilipita, madirisha yakatetemeka. Cassien alilisugua goti lake polepole.

"Mimi nilizoea milango makumi sita na ine kwa siku," alisema. "Kila mulango muntu ananiambia karibu. Goti ikakataa, ikabaki mulango yako moja. Binti yangu Umuhoza anataka kunichukua kwake Giheke tangu mwezi uliopita. Nikamuambia angoje, kazi ya maji haijaisha. Unafikiri nilikuwa nakuja kwa ajili ya mashini?"

Kisha Charlotte akarudisha vidole kwenye vitufe. "Haya, Papa. Baada ya Anastase, nani?"

Mzee alifumba macho, akautembea mfereji kichwani mwake, mlango kwa mlango, na Charlotte akaandika nyuma yake. Jua lilipogusa milima ya ng'ambo ya mto walikuwa wamefika kwa Mudathiru, wa sitini na nne. Charlotte aliongeza jina moja zaidi, la mtu asiye na shamba, na hakumwambia mzee.

Jumatatu saa kumi na mbili maji yalifunguliwa. Simu zililia bondeni, moja hapa, nyingine kule, kama vyura baada ya mvua. Maman Patricie alipata ujumbe wake mara mbili, akapiga kelele kwamba mashini inamwona kiziwi. Zamu ya mwisho ilipofika, maji yakapita jiwe lenye ufa, yakafika mwisho kabisa, na Mudathiru akasimama ndani yake kwa saa mbili kamili, maji yakimfika vifundoni, akicheka peke yake.

Papa Cassien hakuyaona hayo. Alfajiri ya Jumatatu hiyo hiyo Umuhoza alikuja na pikipiki kumpandisha Giheke, na viatu vya mpira vikafungwa nyuma kwa kamba. Walikuwa bado hawajafika barabara kuu simu ilipolia mfukoni mwake. Umuhoza alisimama, akamsomea: "Papa Cassien, maji imefunguliwa. Uliamuka muzuri? Ulishakula?"

Mzee hakujua kuandika, na vocha ni ghali. Alimbipu Charlotte tu, mlio mmoja, akakata.

Tangu siku hiyo ujumbe huo humfikia kila alfajiri, na kila alfajiri simu ya Charlotte hulia mara moja na kunyamaza. Maana yake wote wawili wanaijua: nimekula. Kisha chumba hurudi kimya, saa nne hupita bila hodi, na vumbi huingia kama kawaida. Kikombe cha pili bado kimepinduliwa mezani. Charlotte alikuja kukitengeneza kihariri chake, kijani kikarudi, kizuri kweli kweli, naye hukitumia. Lakini miche ya Mudathiru ilishika udongo kwa maandishi meusi yaliyoandikwa Jumapili moja, kwenye kompyuta ambayo hakuna mtu angeichagua, na ikiwa kuna anayeuliza ni nini kilichopotea katika yale majuma manne, na amuulize Charlotte ni asubuhi ngapi alikaa karibu na mtu asimuulize neno. Hakika, mchagua jembe si mkulima.