Povu la Kaburini

Sogeeni. Hii nawapa mnisaidie kuamua, maana mimi imenishinda.

Mama mmoja mpika pombe alikufa akaacha pipa la pombe ya ndizi na watoto watatu. Aikande alikuwa na sikio: akiinamia pipa anajua kama pombe bado inachacha. Eliamani alikuwa na mkono: kizibo alichokigonga hakipitishi hewa. Ndeshi, kitinda mimba, alikuwa na kipimo: anachokitia hakizidi wala hakipungui.

Kabla ya kukata roho mama alisema, "Hiyo itieni kwenye chupa. Siku ya arobaini yangu mfungue moja kaburini. Ikitoa povu, aliyelifanya litoke achukue kibanda changu cha pombe. Isipotoa, kibomoeni."

Ndeshi alikuwa akilala kwenye kibanda hicho. Hakuwa na kwingine.

Siku tisa Aikande aliinamia pipa na kukataza. "Bado inanong'ona. Mkiijaza leo, chupa zitapasuka." Siku ya kumi pipa likanyamaza.

Ndeshi akachemsha sukari na maji, akaipoza, akatia kijiko kimoja kila chupa, ili pombe ipate cha kula humo ndani na kutoa gesi.

Eliamani akagonga vizibo. "Hata pepo hatoki humu."

"Usiyataje hayo," alisema Aikande. "Mama yuko mlangoni anakusikia."

Alikuwa anatania, lakini hakuna aliyecheka. Tangu hapo, kila alasiri, Ndeshi akiwa peke yake uani, alisikia kijiko kikigonga chupa kibandani.

Arobaini ikafika. Mjomba wao akachukua chupa iliyokuwa karibu, akaifungua. Ikalia, povu likamchuruzika mikononi mpaka kwenye udongo wa kaburi.

"Sikio langu hilo," alisema Aikande.

"Bila kizibo changu mngekunywa uji," alisema Eliamani.

Ndeshi alitazama kitako cha chupa. Kilikuwa na alama ya mkaa, aliyoichora mwenyewe.

"Na wewe?" mjomba aliuliza.

"Hiyo niliisahau, sikuitia sukari. Nilikumbuka imeshafungwa, nikaiwekea alama."

Eliamani akamgeukia Aikande. "Basi ilikuwa bado inachacha. Sikio lako lilikudanganya, dada."

"Ingekuwa bado, zile zenye sukari zingepasuka. Imepasuka ipi?"

Haikuwa imepasuka hata moja.

Mjomba akaiweka chupa juu ya kaburi, akafuta mikono. "Nipeni jina," alisema.

Aliyesikiliza, aliyefunga, aliyepima kisha akasema kweli, au aliyelala pale chini? Na kama ni huyo wa chini, kibanda kinarudi kwake, na Ndeshi leo atalala wapi?

Je, wewe ungetaja jina la nani?